Skuli ya Zuwena

Maskati, Jumanne, Machi 1965

Basi leo Zuwena kaujua uwongo wangu.

Miezi mitano tangu tutoke Unguja, kila siku ananiuliza skuli ataanza lini, na mimi, niliyekuwa mwalimu, namjibu, "Subiri mwanangu, nafasi inatafutwa." Ukweli nlikuwa naujua tangu wiki ya kwanza.

Leo hakuniuliza mimi. Alivaa sare yake ya Unguja, ishampanda juu ya magoti, akamwendea Ami Nassor, kaka wa marehemu baba yake, aliyetupokea hapa kwake.

"Ami, nipeleke skuli."

Ami hakumfokea. Alimwambia kwa upole, "Binti yangu, hapa serikali haina skuli ya watoto wa kike. Kwani mama yako hajakwambia?"

Alirudi chumbani hana hata chozi.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nlikuwa najua."

"Basi kwa nini ulinileta?"

Ningemwambia nini? Kwamba baba yake alipouliwa kwenye mapinduzi sikuwa na pengine pa kwenda? Hilo analijua.

Tangu alasiri hajanisemesha. Nimesomesha watoto wa watu miaka kumi na moja. Wangu ana miaka tisa, na skuli yake ndiyo imekwisha.