Watoto Kumi na Tano kwa Kila Ofisa

Jumatatu, 6 Februari

Thelathini na nne! Asubuhi hii wameniongezea mapacha wa kule Ferris, wana miezi minane. Sasa nina watoto thelathini na nne wa kuwakagua katika nyumba za walezi, na sikumzaa hata mmoja. Renata wa meza ya pili alicheka mpaka akashika kiti. Eti nikipata wengine sita nifungue shule. Yeye ana thelathini na mmoja, asijifanye.

Theluji imefunga barabara ya kaskazini. Safari mbili zimekufa, nimepiga simu tu. Kwa simu kila nyumba iko salama!

Ila kuna habari njema. Muswada umepangiwa siku: Jumanne ijayo, mbele ya kamati ya seneti ya jimbo. Watoto kumi na tano kwa kila ofisa wa malezi, asiongezwe zaidi. Wanatafuta maofisa wa kwenda kusema. Nimejiandikisha. Sikuomba ushauri wa mtu.

Alhamisi, 9 Februari

Bosi kaniita. Lindquist si mtu mbaya – ana woga tu. Kaniambia nichukue likizo ya siku moja, niende kama mwananchi wa kawaida, ofisi nisiitaje.

"Na, Marlys, tafadhali. Usizungumzie mtoto yeyote."

Nikamuuliza, sasa nikaongee habari za hali ya hewa? Hakucheka.

Ijumaa, 10 Februari

Barabara imefunguliwa. Nimekwenda Ferris kumwona Odessa.

Niandike hapa, maana sijawahi kuliandika popote ila kwenye faili, na faili halina moyo. Odessa ana miaka kumi na mmoja. Mwaka jana, wakati wa vuli, alikuwa kwa familia nyingine. Kila mtoto natakiwa kumwona kila mwezi. Yeye nilimwona baada ya siku sabini na moja. Nilimkuta analala chumba cha kufulia, juu ya makoti, kwa sababu watoto wa kuzaa wa nyumba ile walirudi na wakataka kitanda chao. Alikuwa amekonda. Hakulalamika. Alisema tu, "Nilidhani umeacha kazi."

Nilimhamisha siku ileile. Sasa yuko kwa Bi Verna Stroud, mjane, mpishi wa shule. Amenenepa. Karata ananifunga kila nikija, na leo kanifunga mara tatu.

Nikamuuliza kama naweza kuisimulia habari yake kwa maseneta, bila jina.

"Utasema kosa ni la nani?"

"Langu."

Akazichanganya karata, akafikiri. "Sema pia ulikuwa na wengi. Na usiseme nililia. Sikulia."

Jumanne, 14 Februari

Nimesema!

Ukumbi ulijaa. Maseneta tisa, nusu yao wanatafuna peremende za siku ya wapendanao. Seneta Prewitt, mfugaji, mwenye masharubu kama ufagio, ndiye aliyenianza. "Mama, mimi nina ng'ombe mia nne, na kila mmoja namjua. Watoto thelathini na nne wanakushinda?"

Watu wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Mheshimiwa, ng'ombe wako wako shamba moja. Watoto wangu wametawanyika kaunti tatu. Na hakuna ng'ombe wako aliyejifunza kusema 'niko salama' ili asihamishwe tena."

Peremende zilisimama mdomoni.

Mwenyekiti, mama mmoja mpole anaitwa Amundrud, akauliza: je, kuna mtoto niliyewahi kumwangusha mimi mwenyewe? Nilijua Lindquist anatutazama moja kwa moja kwenye kompyuta yake kule ofisini. Nikasema. Siku sabini na moja. Chumba cha kufulia. Makoti. Nikasema kosa ni langu. Na nikasema nilikuwa na wengi, kama nilivyoagizwa. Kulia sikutaja.

Prewitt aliandika kitu. Hakuniuliza tena.

Jumatano, 15 Februari

Barua ya onyo. Imeandikwa vizuri, haina kosa la herufi hata moja. Renata anataka tuiwekee fremu. Nimekula keki yake yote, nikarudi kazini.

Ijumaa, 3 Machi

Tano kwa nne! Muswada umepita kamati. Kura ya tano – Prewitt!! Amepiga simu ofisini mwenyewe. Eti nisidhani ameanza kunipenda, mimi ni mama mbishi. Nikamwambia na yeye asidhani.

Jumanne, 18 Aprili

Muswada umepita seneti na baraza la chini, yote mawili. Gavana atatia sahihi Ijumaa. Kuanzia tarehe mosi Julai, kumi na tano. Maofisa wapya wanaajiriwa. Nimekaa ndani ya gari nikapiga honi peke yangu kama mwendawazimu. Bibi mmoja kanipungia mkono, sijui alidhani nini.

Jumatatu, 26 Juni

Maofisa wapya watatu wamefika. Wachanga, viatu bado vyeupe. Mmoja, Tamsin, ameandika mpaka jina la paka wangu. Atafaa.

Lindquist katuita. Kila ofisa wa zamani achague kumi na tano atakaobaki nao, orodha iwe mezani Ijumaa. Wangu wengine kumi na tisa watagawanywa. Ushauri wake: tubaki na walio karibu, wa mbali tuwaachie wapya wenye nguvu.

Ferris ndiyo mbali kuliko kote.

Nilipiga kelele miezi mitano kwa ajili ya siku hii. Sheria ni nzuri. Naandika tena: ni nzuri. Mapacha wanahitaji mtu wa kuwatembelea kila wiki, siyo mimi ninayepita mbio nikiwa nimevaa koti tayari.

Alhamisi, 29 Juni

Ferris. Nilikuja kumweleza Odessa mwenyewe, asilisikie kwa mwingine. Nimechelewa – Bi Verna ana gazeti, na mtoto anasoma kila kitu.

Tulikaa jikoni. Aligawa karata, hakuzifunua.

"Kwa hiyo utabaki na kumi na tano."

"Ndiyo."

"Ndiyo sheria yenyewe. Ile uliyoisemea."

"Ndiyo hiyo."

"Na kwenye hiyo orodha, mimi ni wa ngapi?"

Bi Verna alikuwa anaosha vyombo. Akafunga bomba la maji.

Nimeshaandika majina kumi na manne. Wa kumi na tano nimemfuta mara mbili: mara Odessa, mara Leroy wa mjini, ana miaka mitano, ameshabadilishiwa maofisa saba, na haongei na mtu ila mimi. Odessa ana Bi Verna. Odessa ananenepa. Tamsin atakuja kila mwezi, tena kwa siku yake, na hatamwacha siku sabini na moja. Yote hayo ni kweli. Ningeweza kuyasema mbele ya maseneta tisa bila karatasi.

Nimemwomba dakika kumi. Nimo ndani ya gari, mbele ya nyumba, orodha iko gotini, nafasi ya kumi na tano bado tupu. Yeye ametoka, amekaa kwenye ngazi na karata zake. Hanitazami. Ameshagawa upya – rundo lake, na langu.

Nafungua mlango.