Majembe ya Mama Mkwe Kwenye Nyasi za Hifadhi

Asmahani weee! Acha unachofanya, usome.

Kaka yangu Hashimu si amehamia ile mitaa ya kifahari ya Heru Juu, yenye geti na walinzi, ambako nyasi hazikatwi eti ni mazingira asilia? Leo mama mkwe wake katoka Munanila na majembe mawili. MAWILI, shoga!

Kuona nyasi zimefika dirishani, akasema, "Maskini mwanangu, kumbe anaishi porini." Akaanza kulima!

Hashimu kajificha nyuma ya pazia. Atamwambiaje mama mkwe aache, na hata kumtazama usoni hathubutu?

Mara meneja wa mitaa hiyo, yule Gharibu wa Kibondo, akaja mbio anafoka: "Nani anaharibu hifadhi?"

Mama akageuka. Gharibu akaganda. Si ndiye aliyepeleka posa juzi kwa binti wa mwisho wa mama huyuhuyu, na jibu bado!

"Shikamoo mama." Sauti kama ya kifaranga.

"Marahaba, baba. Jembe lingine liko pale."

Narudia: LIKO PALE.

Sasa hivi meneja analima, Hashimu katoka nyuma ya pazia anafukia mbegu za maharage alizoleta mama, na ule ubao wa "Usiguse Asili" mama kautundikia kanga yake.