Nazima Umeme ili Mama Mkwe Apate wa Kuongea Naye

Mpendwa Shangazi Raya, naomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana jambo nililolianza kwa nia njema sasa limeota mapembe.

Mimi ni mshonaji, naishi Bweri hapa Musoma na mume wangu Lameck na binti zetu wawili, na sina malalamiko, mume ananipenda, watoto wana afya, mezani hatukosi ugali wa udaga, ule wa muhogo, na samaki sato, ila tangu Lameck avute intaneti ya waya kwa ajili ya kazi yake ya kuchora ramani za nyumba, waifai imeenea mpaka jikoni na kila mtu kainamia simu yake, na mimi nakiri nimo. Mwezi uliopita mama mkwe wangu, Mama Ghati, akaja kutoka Butiama kutibiwa macho, na daktari akataka akae mjini wiki sita, na kwa kuwa anaona ukungu tu, hajui kama tumeshika simu, anachosikia ni kimya, basi siku ya tatu tukiwa tunakula akauliza, "Mpo?" Shangazi, tulikuwa wanne mbele yake na hakuna aliyemjibu mpaka alipouliza mara ya pili. Kesho yake nikamkuta anafunga mzigo, akaniambia, "Kule kwangu hata mbuzi wananiitikiaga. Hapa naongeaga na ukuta."

Nikambembeleza asubiri kidogo, nikamwomba Lameck tuwe tunazima ruta, kile kiboksi kinachorusha intaneti, wakati wa chakula, akasema haiwezekani, kompyuta yake inapokea kazi za wateja wa Bunda na Kibara kwa waya wa kiboksi hicho hicho, na amekifunga juu karibu na dari asikiguse mtu. Basi jioni moja nikaenda kwenye swichi kubwa nikazima nyumba nzima, nikarudi nikasema, "Jamani, umeme umekatika," na kwa kuwa umeme ukikatika hakuna wa kugombana naye, wote wakatoka barazani, Mama Ghati akaanza kuwasimulia watoto jinsi baba yao alivyokuwa analia akitumwa kuchunga, na binti yetu Hana, wa kidato cha pili, akacheka mpaka machozi, hata Lameck akaongeza yake. Baadaye nikawasha kwa siri, na kesho yake nikarudia. Nimerudia wiki tatu, Shangazi, na mama kafungua mzigo, anasema, "Umeme wenu huu mbovu ndio unanikalishaga hapa."

Shida ni kwamba majirani wanakuwa na taa, kwa hiyo Lameck ameamua kosa ni la Fredy, fundi aliyetuwekea umeme. Fredy kaja mara tatu, kapanda darini, hajaona kitu, na mara ya mwisho nilimpa maji akanywa, akasema, "Shemeji, hata mimi sielewi, labda nimeshazeeka." Lameck anawatangazia watu kuwa Fredy anabahatisha kazi, na jirani yetu aliyekuwa amempa kazi ya kuweka umeme kwenye nyumba yake mpya kamnyang'anya, kampa mwingine. Jumamosi anakuja fundi mgeni kung'oa nyaya zote. Nimesikia kuna ruta zenye kitufe cha kuzima waifai peke yake huku waya unaendelea, nikiipata hiyo sitagusa umeme tena na hakuna atakayejua. Ninunue ipi?

Dafroza, Bweri

*Shangazi Raya anajibu:*

Dafroza, majina yenu nimeyabadilisha yote, usiogope. Nimesoma barua yako nikicheka, nikafika kwa Fredy, kicheko kikaniisha. Moyo wako ni mzuri, mwanangu. Wakwe wangapi wanarudishwa kwao na wake wa watoto wao, wewe unamzimia nyumba nzima ili abaki! Kwa hilo nakupongeza. Lakini umemfanya mtu mwenye ujuzi wake adhani amezeeka, kisha ukampa maji. Maji! Neno moja lako lingemtosha.

La ruta nalijibu kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Kabla hujanunua, chukua ngazi uitazame hiyo mliyonayo, pembeni na nyuma, maana nyingine zina kitufe hicho na wenyewe hawajui. Kama hakipo, waulizeni waliowafungia intaneti kama wanaruhusu muweke ya kwenu. Dukani usibabaishwe na wingi wa antena. Mwambie muuzaji aiwashe, kompyuta iwe kwenye waya, simu yako mkononi, kisha bonyeza mwenyewe: jina la waifai lipotee kwenye simu, kompyuta iendelee kama kawaida. Kuna kitufe kingine kinachofanana nacho, cha kuunganisha simu bila kuandika nywila, na muuzaji mvivu atakuonyesha hicho. Pia zipo ambazo kitufe ni kimoja, ukibonyeza kidogo kinaunganisha, ukikishikilia kinazima; hizo ziache, mtachanganya. Mwisho chomoa umeme uchomeke tena uone kama waifai inabaki imezimwa, maana nyingine huiwasha tena zenyewe. Na mkiifunga nyumbani, ifungeni mkono unapofika.

Sasa hilo la "hakuna atakayejua" nalikataa. Kitufe cha siri ni swichi ile ile, na huyo binti wa kidato cha pili atakigundua ndani ya wiki, kisha atajiunga bando. Nyumba ikubaliane kwamba chakula kikitengwa waifai inazimwa, na anayeizima awe Lameck, kwa kuwa mama ni wake. Halafu nikuulize: mumeo anajua kwa nini mama yake alifunga mzigo? Kwenye barua sijaona. Ulimwomba azime kiboksi, hukumwambia kwamba mama yake anaongea na ukuta. Mwambie leo hii, na la swichi umwambie hapo hapo.

Atakasirika. Mwache akasirike, umeyataka. Ila kabla hajalala ampigie huyo fundi wa Jumamosi asije. Kesho nendeni kwa Fredy, wewe na mumeo, kwa miguu yenu, si kwa simu. Mkitoka hapo mwende naye mpaka kwa jirani aliyemnyang'anya kazi, useme kwa mdomo wako kwamba nyaya ni nzima na aliyekuwa anazima ni wewe. Aibu utaiona, najua. Fredy ameibeba wiki tatu, na haikuwa yake.