Nimefuata Masomo Yote ya Waliofika, na Sasa Nyundo Yangu Inapewa Kiarie

Mpendwa Mshauri Kanyiva,

Nakusalimu kwa heshima na nakuomba usichoke kunisoma, maana sina mtu mwingine wa kumwambia haya, mke wangu ananicheka na mwenzangu wa kazi amenipa hadi Jumamosi, na wewe mwenyewe huwa unasema hakuna barua ya aibu, basi hii yangu ipokee.

Mimi naitwa Lusweti, nina miaka arobaini na mmoja, naishi Majengo katika chumba kimoja na mke wangu Khavere na watoto wanne, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikitengeneza masanduku ya bati ya watoto wa shule za bweni pale Gikomba pamoja na mwenzangu Irungu, yeye hushika bati juu ya kipande cha reli na kuligeuza, mimi hugonga, na tukishaanza asubuhi hatuna haja ya kuongea isipokuwa ile "ngoja" anayosema akitaka kusogeza vidole, na masanduku yetu hufungwa juu ya basi hapa Nairobi, yakanyeshewa mvua mpaka Webuye, na daftari za mtoto zikafika zikiwa kavu.

Sasa mapema mwaka huu nilianza kusoma ule ukurasa wa gazeti lenu unaoitwa "Waliofika Wanatufunza," ambapo watu wakubwa waliofaulu hutueleza siri za kazi na za maisha mema, nami nikajiambia hawa watu wana mikono miwili kama mimi, tofauti ni kwamba wao wanajua na mimi sijui, nikawa nakata kila somo na kulibandika ukutani kwa uji, mpaka Khavere akalalamika kwamba kalenda yake ya kanisa imekosa makao.

Somo la kwanza lilitoka kwa bwana mwenye shamba la maua, anasema yeye huamka saa kumi alfajiri akakaa kimya saa nzima kabla ya kusema na mtu, basi nami nikaamka nikakaa kimya, lakini saa hiyo ndiyo Khavere anakaanga mandazi ya kuuza, nikamwomba akaange bila kelele, akaniuliza kama nimewahi kuona mafuta yanayonong'ona. Somo la pili lilikuwa la mwanariadha mstaafu, kwamba mtu atunze mwili kwa kukimbia kila asubuhi, nikakimbia kuelekea Shauri Moyo, na siku ya tatu watu wakadhani mimi ni mwizi, wanasema waliniita nisimame mara nyingi na mimi nikaendelea tu, nilishtukia nimekamatwa shati na wengine wameshika mawe, ni Norah muuza mboga aliyewaambia, "Wacheni huyo! Ni Baba Ayuma wa masanduku!" kwa hivyo kukimbia nimeacha.

Somo la tatu lilitoka kwa mama mmoja profesa, kwamba ukitaka mabadiliko ujitenge na watu wenye mazungumzo yaleyale kila siku, nikaacha kula githeri na wenzangu saa saba, nakula peke yangu nyuma ya mabati, na kusema kweli sina hasara, siku hizi wenzangu wamekuwa watu wa kunong'ona tu.

Lakini somo la nne ndilo lililonigeuza, la mkurugenzi wa benki aliyestaafu, aliyesema mtu anayetaka kupanda asifanye kwa mikono yake kazi inayoweza kufanywa na mwingine, nalo nililisoma mwezi wa kumi, wiki ileile niliyomgonga Irungu kidole gumba, jambo la kawaida kazini, ukucha ulitoka lakini umeanza kuota, nikaona hii ni ishara, nikaweka nyundo chini, nikanunua tai ya mtumba na daftari, nikaanza kusimama kando nikisimamia.

Irungu aliniangalia akasema, "Lusweti, hiyo tai ni ya nini? Uko na kesi kotini?" Nikamweleza somo, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akasema, "Sawa, mdosi. Sasa nikishika bati, nani anagonga?" Tangu hapo anashika mwenyewe na kugonga mwenyewe, sanduku moja kutwa, na huu ni mwezi wa Desemba, wazazi wanakuja kuuliza masanduku ya Januari na kuondoka. Jumatatu alinijia mpaka karibu na uso, akasema, "Buda, mimi sikufukuzi. Lakini Jumamosi kama hujashika nyundo, Kiarie anaishika. Mimi nilikuwa nataka wewe." Kiarie ni yule anayetengeneza majiko mstari wa pili. Khavere naye anasema nikimpoteza Irungu nitakuwa nimempoteza ndugu pekee niliye naye Nairobi hii.

Swali langu ni hili, Mshauri, je, ni somo gani nimelikosea, ama kuna la tano ambalo sijalisoma? Nijibu kabla ya Jumamosi, na tafadhali jibu gazetini, usinijibu kwa kile kipindi chako cha redio, maana redio yetu imeharibika, sauti yake imekuwa ndogo sana ingawa watoto wanasema iko sawa.

Ni mimi,
Lusweti, Majengo, Nairobi
Desemba 1996

KANYIVA ANAJIBU

Bwana Lusweti, kwanza pokea pongezi. Miaka tisa nimekuwa nikijibu barua katika ukurasa huu na sijawahi kukutana na meneja wa sanduku moja kwa siku. Tai umenunua, daftari unalo, mfanyakazi unaye. Kilichokosekana ni kazi, na hicho nacho si kitu kikubwa kwa mtu anayepanda.

Unaniuliza somo gani umelikosea. Hukukosea hata moja, na hapo ndipo shida ilipo. Yule bwana wa maua hukaa kimya saa kumi kwa sababu anayemkaangia mandazi yuko jikoni, na jiko liko nyumba ya pili, ng'ambo ya bustani. Wewe jiko lako liko miguuni pa kitanda, na mandazi anayokaanga Khavere ndiyo yanayowafanya hao watoto wanne waende shule wakiwa wameshiba. Mwanariadha alikimbia kwenye barabara ambako hata ng'ombe walimjua kwa jina. Mkurugenzi wa benki hakufanya kazi kwa mikono yake kwa kuwa alikuwa na mikono mia nne ya watu wengine chini yake. Wewe una Irungu, na Irungu ana mikono miwili, yote imeshika bati.

Na kwa kuwa umetumia uji mwingi kuubandika ukurasa wetu, nikupe siri ya nyumbani. Anayeandika "Waliofika Wanatufunza" huketi meza ya tatu kutoka kwangu. Ni mtu mwema, hana neno na mtu. Makala ya kuamka saa kumi alfajiri aliyaandika wiki ambayo hakuna siku aliyofika ofisini kabla ya saa nne na nusu. Nimemsomea barua yako, akaulizia umenunua tai ya rangi gani.

Mpaka hapo nilikuwa nimecheka, na kama ungeishia hapo ningekwambia uvue tai, urudi kwenye nyundo, kwaheri. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu sikucheka.

Watu walikuita nyuma yako mara nyingi, mawe mkononi, na wewe ukaendelea kukimbia. Redio imepungua sauti kwako peke yako. Wenzako, mafundi wa mabati ambao mmoja akinisalimu mimi pale Gikomba hugeuka mtaa mzima, eti siku hizi wananong'ona. Bwana Lusweti, mafundi wa bati hawajui kunong'ona. Na kile kidole gumba umekipitisha mbio sana, umekiita jambo la kawaida, kwa hivyo nitakuuliza mimi: Irungu alisema "ngoja," sivyo? Alisema, na wewe hukusikia.

Masikio yako yanakwisha, ndugu yangu, na wewe unajua. Wala huyo wa benki hakukutoa kwenye nyundo. Uliiweka chini kwa sababu uliuona ukucha wa rafiki yako juu ya reli, ukaogopa kwamba siku nyingine itakuwa mkono. Woga huo ni wa mtu mwema, na umenigusa, nakwambia kweli. Lakini badala ya kusema "siskii," umeona afadhali uvae tai. Umekubali kuonekana mpumbavu mbele ya Gikomba nzima ili usionekane kiziwi mbele ya mtu mmoja. Sasa fikiria huyo mmoja ameelewa nini. Miaka kumi na minne mmekula sahani moja, na leo anaamini umemdharau. Hilo linamuuma kuliko kidole, na ni wewe uliyelifanya.

Ulitaka somo la tano kutoka kwa mtu aliyefika. Nilikwenda kulitafuta mwenyewe, na sikuhitaji kuvuka mto. Mstari wa nyuma yenu yuko fundi anayeitwa Nyamai, zamani mgongaji kama wewe, siku hizi anakata mabati ya karai. Masufuria na makarai yake yako katika nusu ya jikoni za Eastlands, na hakuna gazeti lililowahi kumpiga picha. Nilimuuliza kwa sauti ya kuita watu wa Pumwani yote kwa nini aliacha kugonga. Akanijibu, "Masikio yaliisha, mama. Nikaambia wasee wa kazi, wakanipatia mkasi wa bati. Wewe, nani alikwambia hapa kazi ni moja tu?" Kisha akaendelea kukata. Hilo ndilo somo lote. Libandike, ukipenda, ila uji uache watoto wanywe.

Sasa fanya ninavyokwambia, na usiniletee daftari.

Kesho asubuhi nenda hospitali, kliniki ya masikio. Ukiulizwa shida ni nini, usiseme ni mafua. Sema, "Siskii, na nimegonga bati miaka kumi na minne." Huenda ni nta tu, huenda ni zaidi, mimi si daktari na wewe pia si daktari, kwa hivyo mafuta ya moto na maji ya kitunguu usiyatie humo, hata jirani akikuapia. Ukitoka hospitali mwambie Khavere. Umesema anakucheka. Nina hakika nusu ya kicheko hicho ni mwanamke aliyechoka kurudia neno moja mara nne katika chumba kimoja.

Kisha nenda kwa Irungu, na usingoje Jumamosi. Nenda asubuhi mapema kabla nyundo za uwanja mzima hazijaanza. Usianze kwa kueleza masomo. Mwambie, "Siku ile ulisema ngoja, na mimi sikusikia." Maneno hayo yanatosha. Akikutukana, mwache akutukane, una haki ya kutukanwa kidogo.

Baada ya hapo mbadilishane mahali. Anayegonga ndiye anayehitaji masikio. Anayeshika anahitaji mdomo, na wewe mdomo unao, barua yako ni ushahidi. Irungu apige, wewe ushike bati uligeuze, na wewe ndiwe uwe unasema "ngoja." Wote wawili mzibe masikio kwa pamba, mwache nafasi ya hilo neno moja tu. Kiarie arudi kwenye majiko yake, hakuna aliyemkosea.

Najua unachofikiria sasa. Vidole vitakuwa vyako. Naam, vitakuwa vyako. Irungu ukucha wake haujamaliza kuota, na Jumatatu alikujia mpaka karibu na uso kukuomba urudi umgongee tena. Hakumwomba Kiarie kwanza, alikuomba wewe. Kwa hivyo vua tai, nenda ukaweke mkono wako juu ya reli pale alipoweka wake, na useme "ngoja" kwa sauti.