Msusi Kwenye Kiti cha Tano

Jumanne, 13 Januari 2026

Barua ya mahakama imefika. Kaileta Konstebo Noel mwenyewe, na sare yake na buti zake, saa tatu asubuhi, saluni imejaa. Wote wakadhani nakamatwa. Bi Philo alishaanza kuvua rola kichwani akimbie — kwa kosa gani, anajua mwenyewe.

Si kukamatwa. Ni juri. Iona Calliste, msusi, wa Morne Lisette, natakiwa mahakama kuu mjini tarehe mbili mwezi ujao, saa tatu kamili, nikakae na raia wenzangu wanane tuamue kama mtu ana hatia au hana. Nisipofika, faini. Kuna karatasi ya maelekezo: vaa kwa heshima, njoo na kitambulisho, usilete watoto, chakula cha mchana utapewa. Na chini kabisa, kwa herufi nene: kama unamjua mshtakiwa, au unajua lolote juu ya kesi, mwambie jaji.

Nimecheka peke yangu. Grenada nzima ina watu laki moja na ushee, na nusu yao wameshakaa kwenye kiti changu. Yeyote atakayeletwa, nitamjua. Basi nimeshatoka kabla sijaingia!

Alhamisi, 15 Januari

Kila mtu ana dawa yake ya kukwepa juri. Mume wangu Osbert anasema nijifanye kiziwi. Mgongo umemtoa kwenye uashi mwaka wa tatu sasa, ila ulimi wa kushauri ni mzima kabisa. Nikamwambia, kiziwi gani anayejua ndoa zote za kijiji hiki? Bi Philo anasema binamu yake alimwambia jaji kwamba hupata maono. Jaji akamjibu vizuri sana mama, kaa mstari wa mbele.

Nitasema ukweli tu. Namjua. Nitakuwa nyumbani saa sita.

Jumatatu, 2 Februari

Nimeingia. Mdomo wangu huu!

Mshtakiwa ni Alban Telesford, seremala wa kule bondeni. Eti alichoma ghala la kungumanga la Bwana Cadore, Machi ya mwaka juzi. Alipopandishwa kizimbani nilipiga makofi moyoni. Telesford ndiye aliyenitengenezea rafu ya saluni, ikadumu wiki mbili, ikaanguka na chupa zote. Nikasimama, nikaeleza. Rafu, chupa, vigae vilivyovunjika, yote.

Jaji ni mwanamke mdogo wa umbo, sauti kubwa kuliko yeye. Akavua miwani.

"Bi Calliste, nikimwondoa kila anayemjua mshtakiwa, kesi hii itasikilizwa na mbuzi."

Watu wakacheka. Hata Telesford, kidogo.

"Nakuuliza swali moja tu," akasema. "Unaweza kumtendea haki, au huwezi?"

Mbele ya watu wote! Mimi, miaka ishirini na sita saluni kwangu, hata mke wa mchungaji anakaa foleni kama wengine! Nikajikuta nimenyoosha shingo. "Naweza, Mheshimiwa." Wakili wa utetezi hata hakuniangalia, alikuwa anatafuta kalamu. Nikaapishwa. Kiti cha tano.

Kisha makatazo. Tusizungumze kesi na mtu yeyote, si mume, si jirani, si mteja. Aliposema mteja alinitazama mimi. Sawa. Daftari si mtu.

Jumanne, 3 Februari

Feni ya mahakama inazunguka kwa uvivu, na mzee wa kiti cha nane anasinzia kwa heshima, mikono magotini. Chakula cha mchana: wali na kuku, chumvi hakuna.

Kesi yenyewe ni hivi. Telesford na Cadore waligombania mpaka wa shamba. Baada ya wiki ghala likashika moto, Alhamisi, saa kumi na kitu jioni. Mavuno ya mwaka mzima yakaenda, na mlinzi akaungua mikono yote miwili. Tumeonyeshwa picha za ile mikono. Hapo hakuna aliyesinzia. Akitiwa hatiani, Telesford anakula miaka kumi na zaidi. Ameshakaa mahabusu karibu miwili akingoja tu kusikilizwa.

Utetezi wake: alikuwa mtoni anaoga. Peke yake. Peke yake! Kwenye kisiwa hiki nani amewahi kuwa peke yake? Niliandika kwenye karatasi yangu: UONGO, nikapiga mstari chini.

Nyumbani Osbert hakuuliza kitu. Alikaa tu karibu yangu, haulizi, haulizi, mpaka nikahamia jikoni. Wateja nao vilevile. "Hatukuulizi, Iona. Sisi tunasema tu kwamba ni yeye."

Jumatano, 4 Februari

Niandike polepole.

Leo kaja shahidi mkubwa, Bi Ermintrude Lendore. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mpiga kinanda, miaka sabini na moja na nywele nyeusi tii. Mwenyewe husema ni neema ya Mungu. Kofia ya zambarau, glavu nyeupe, joto lote lile. Akala kiapo kwa sauti ya zaburi.

Akasema Alhamisi ile alikuwa amekaa barazani kwake. Saa kumi kamili. Amejuaje? Redio ilikuwa inaanza kusoma matangazo ya vifo. Akamwona Telesford, kwa macho yake mawili, anapanda njia ya ghala na dumu jekundu mkononi. Robo saa baadaye, moshi. Mwendesha mashtaka akamshukuru kama anamshukuru mama yake mzazi. Upande wetu vichwa vilikuwa vinakubali, cha kwangu kikiwamo.

Halafu akaongeza, kunogesha tu, hakuna aliyemuuliza: siku ile redio ilimsoma mzee Ignatius Bubb, na wajukuu wake wote, jina kwa jina, hawaishi.

Kichwa changu kikasimama.

Kwa sababu hao wajukuu nilihesabu naye. Arobaini na watatu! Tulicheka mpaka rangi ikamwingia sikioni. Alikuwa kwangu. Chumba cha nyuma, pazia limeshushwa, taulo mabegani, rangi nyeusi kichwani inangoja nusu saa. Kila wiki ya sita, Alhamisi, saa tisa na nusu, mlango wa nyuma. Neema ya Mungu naipaka mimi, kwa brashi. Sijamwambia mtu, hata Osbert. Naweza kusema ndoa, mimba na ugomvi wa mtu, lakini kichwa cha mteja sijawahi kukitoa nje.

Na ule moshi tuliusikia pamoja, mle mle ndani. Akakunja pua akauliza ni nani huyo anayechoma taka saa hizi.

Nilipoinua macho, alikuwa ananitazama. Nadhani ndipo aliponiona. Sauti haikutetemeka hata kidogo, ila mkono wenye glavu ulikwenda ukashika kofia.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeamka kabla ya jogoo, nikafungua sanduku la madaftari ya zamani. Alhamisi, 14 Machi 2024. Mwandiko wangu: "E.L. saa tisa na nusu. Kaondoka saa kumi na moja kasoro. Mzee Bubb na jeshi lake la wajukuu. Moshi, kumbe ghala la Cadore, maskini."

Basi. Si ndoto yangu.

Mapumzikoni nikamvuta tarishi wa mahakama, Bwana Joseph, nikamuuliza kama maneno ya kupitisha muda: hivi mwanajuri akigundua katikati kwamba anajua kitu, inakuwaje? Akasema ni rahisi. Anamwandikia jaji, jaji anavunja juri, sote tunarudi nyumbani, kesi inaanza upya. Lini? "Foleni ndefu, mama. Labda mwakani. Labda mwaka unaofuata." Na mshtakiwa? "Anarudi alikotoka. Ataenda wapi?"

Na yule mwanajuri anaitwa shahidi, akaongeza, anahojiwa mbele ya watu.

Wiki tatu nzima nimetafuta sababu ya kutoka kwenye kiti kile. Sasa ninayo, nzuri kuliko zote, wala siitaki. Nikitoka mimi, nani mwingine kati ya wale wanane atamwona Telesford mtoni?

Na ukweli mwingine, naona aibu kuuandika lakini nauandika. Naogopa. Nikitangaza kichwa cha Bi Lendore mahakamani, ni mwanamke gani ataniletea chake tena? Mlango wa nyuma unalisha nyumba hii kuliko wa mbele. Mtu anaozea mahabusu, mimi nawaza rangi ya nywele. Najichukia kidogo leo.

Bi Lendore simwoni mwovu. Kijiji kizima kilishaamua ni Telesford, siku ile ile, na kila mtu alikuwa na alichokiona. Huyu kaona kiatu, yule kasikia kikohozi chake vichakani. Yeye peke yake hakuona kitu, na mahali alipokuwa hawezi kupataja. Akatia dumu. Halafu polisi wakaliandika, na dumu likawa la kweli.

Jioni kulikuwa na keki nyeusi mlango wa nyuma. Ya ramu, zabibu tele, kitambaa cheupe juu. Haina jina. Mlango wa NYUMA! Nilipotoka kuoga Osbert alishafika nusu. Nikamfokea, akashangaa. "Mama, Jumamosi ni sikukuu ya uhuru, watu wanapeana vitu." Nikamnyang'anya kisahani. Akanifuata na kijiko.

Ijumaa, 6 Februari

Alfajiri. Nimeandika karatasi ya jaji, mstari mmoja: "Mheshimiwa, shahidi Lendore hakuwa barazani, alikuwa kwangu." Imo kwenye pochi. Sijui kama nitaitoa.

Baadaye — naandika chooni, choo cha chumba cha juri, nimekaa juu ya kifuniko. Simu walituchukulia. Daftari hawakuliulizia.

Jaji alimaliza kutupa maelekezo saa nne. Akasema tuamue kwa tuliyoyasikia mle ndani tu, si kwa tunayoyajua nje. Nilihisi ananisomea mimi. Kwa sasa anataka neno moja, wote tisa.

Kiongozi wetu ni Kester Antoine, muuza bima, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Hata kukaa hakukaa. "Ndugu zangu, kesho sikukuu. Kila mtu ana sufuria yake, ana shelisheli za kumenya, ana nazi za kukuna. Tuinue mikono twende. Wenye kusema ana hatia?"

Minane.

Wakanigeukia. Antoine akaniuliza sababu. Nikasema sina. Akacheka. "Iona Calliste hana la kusema! Andikeni tarehe!" Mama wa kiti cha pili akanong'ona, na kwa sauti ya kusikika, kwamba labda ile rafu haikuanguka bure, labda Telesford alikuwa anakuja kuirekebisha mara kwa mara. Nilitaka kumrukia.

Nikashika kiti. Nikaanza kuuliza, kwa yale tuliyoyasikia mle ndani tu, Mungu shahidi. Dumu jekundu liko wapi, mbona polisi hawakulipata? Kwa nini Bi Lendore alikwenda polisi siku ya nne, siyo siku ya moto? Amesema aliona mpaka rangi ya dumu, na kwenye ramani ya polisi baraza lake na ile njia vimetengwa na bonde zima. Wakili wa utetezi hakuuliza hata moja. Tulitumwa tuulize sisi, au tulitumwa tuwahi nazi?

Saa nzima. Nimesema mpaka mate yakakauka. Mmoja akashusha mkono. Halafu wawili kwa pamoja. Watano kwa wanne! Antoine kavua tai, anatazama saa ya ukutani kwa huzuni.

Ndipo mzee wa kiti cha nane, Mzee Modeste, yule wa kusinzia, akafumbua macho. Alikuwa posta.

"Miaka thelathini na minane nimegawa barua," akasema. "Mtu anayekisia kilichomo kwenye bahasha namjua. Na anayejua namjua pia. Bi Iona, wewe hukisii."

Kila mtu akanitazama. Nikasema nakwenda chooni.

Nimo humu dakika ya kumi sasa. Nikimpa tarishi ile karatasi, Telesford anarudi mahabusu, mwaka, miwili, na Bi Lendore anapata muda wa kutafuta baraza jingine. Nikiwaambia hawa, nimevunja amri ya jaji na kiapo changu. Nikikaa kimya, wale watatu walioshusha mikono sijui watasimama nami mpaka saa ngapi. Sufuria zinawaita.

Mlango umegongwa. Ni Mzee Modeste.

"Bi Iona, sitaki useme kitu. Kusema wametukataza. Lakini kukohoa hakuna aliyekukataza. Kama unajua kweli kweli, kohoa mara moja tu. Nami najua pa kuweka mkono wangu, na sitakuuliza mpaka naingia kaburini."

Nimefungua bomba, maji yapige kelele. Nimelifunga tena. Huko nje wamenyamaza wote, hata Antoine. Nawasikia wanavyosikiliza.

Koo linaniwasha.