Maneno Mawili Kabla ya Kushona

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, ila mzima mmoja ana kasoro, na huyo ni mimi. Natumaini wewe hujambo na kazi inakwenda. Anwani hii nimeipata kwa shangazi. Namba ya simu alikataa kunipa, akasema umemkataza. Si neno.

Ni miaka sita tangu tumzike mama, na tangu nikwambie yale maneno mlangoni pa wodi mbele za watu. Leo siandiki kuhusu hayo. Nina mawe kwenye kifuko cha nyongo, kama yeye. Juzi nilikuwa nagongea kitambaa kwenye sofa, misumari imejaa mdomoni, maumivu yakanishika chini ya mbavu mpaka begani. Nikajilaza juu ya sofa lenyewe. Mwenye sofa akaingia, akasema, "Fundi, naona unalijaribu kwanza." Wifi yako alicheka mpaka alipoona jasho langu.

Daktari anataka kunipasua tarehe kumi na nane. Nimekataa kutia sahihi. Kichwani namsikia mama tu, siku zile tatu baada ya kupasuliwa. Wewe ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Niambie ukweli, nitaumia kama yeye?

Kaka yako


9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Barua yako nimeisomea kwenye benchi la kubadilishia nguo, kofia ya kazi bado kichwani. Mwenzangu aliniita mara mbili sikusikia.

Hutaumia kama yeye. Mama alichanwa mkato mrefu chini ya mbavu. Wewe utatobolewa matundu manne madogo, wajaze hewa tumboni, waingize kamera, wakitoe kifuko kwa tundu la kitovuni. Utakuwa umelala kwa nusu kaputi, hutajua kitu. Ila kuna jambo la kumwomba daktari: akuwekee dawa ya ganzi, ya aina ile wanayotumia madaktari wa meno. Huchomwa pembeni mwa kila tundu, na wengine humimina nyingine ndani, pale kifuko kilipokuwa. Haiondoi maumivu yote, na baada ya saa kadhaa inakwisha. Lakini hizo ndizo saa mbaya kuliko zote.

Bega linaweza kukuuma siku mbili. Ni ile hewa, usiogope. Ukianza kuumia omba dawa mapema, usijikaze eti wewe mwanamume. Vuta pumzi ndefu, kohoa, tembea.

Na umuulize, hata kama ameshika kitasa anataka kutoka.

Msalimie wifi.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimetoka salama. Niko kitandani nyumbani, wifi yako amenificha nyundo.

Daktari nilimuuliza. Akanitazama juu ya miwani, "Nani kakufundisha?" Nikasema, "Mdogo wangu, ni sista wa chumba cha upasuaji." Akasema nikusalimie, kila mgonjwa wake humwekea. Miaka sita sikuwa nimekutaja mbele ya mtu.

Nilipozinduka nilikaza meno nikayasubiri maumivu. Yakaja kidogo, kama msuli uliovutika, na bega kama ulivyosema. Muuguzi akaniona nalia, akauliza panauma wapi. Nikamwambia hapaumi. Hicho ndicho kilichoniliza. Mama hata pumzi alishindwa kuivuta, akawa anapumua juu juu kama ndege aliyeshikwa mkononi, mpaka nimonia ikamwingia ikamchukua.

Nilikwambia ulisimama ukamtazama akiumia. Nisamehe. Ulikuwa mgeni kazini, ungefanya nini? Nyumba ni yako. Njoo.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Namshukuru Mungu umepona. Barua hii nimeichana mara nne. Msamaha wako siwezi kuupokea kwa wizi.

Siku ile mama anapasuliwa, nilikuwa ndani. Ndugu hahudumii ndugu, lakini tulikuwa wachache, nikanyamaza, nikashika trei. Yule daktari alikuwa na desturi ya kuchoma ganzi kwenye mkato kabla ya kufunga. Bomba la sindano nilishalijaza. Akaja mtu mbio, kuna mgonjwa mwingine anavuja damu. Daktari akaanza kushona harakaharaka, ganzi ameisahau. Maneno yalikuwa mawili tu: "Daktari, ganzi." Sikuyasema. Asubuhi alikuwa amenifokea mbele ya wenzangu, na mimi nilikuwa na wiki ya tatu kazini. Baadaye dawa nikaimwaga kwenye sinki.

Sijui kama ingemwokoa. Ni dawa ya saa chache. Najua tu kwamba saa hizo angevuta pumzi.

Kwa hiyo ulichosema mlangoni pa wodi kilikuwa kweli kuliko ulivyojua. Sikukimbia maneno yako, nilikimbia ukweli wake. Sasa hivi kila upasuaji mimi ndiye ninayekumbusha, mpaka madaktari wananiita Ganzi. Wanacheka, nami nacheka nao.

Mdogo wako


30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu. Vidonda vimefunga? Niambie hilo tu.

Mdogo wako


14 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Vidonda vimefunga.

Barua zako mbili zilifika. Ile ndefu niliisomea karakanani, kisha nikamaliza kiti nilichokuwa nacho, nikakikosea, nikakifumua chote. Wifi yako hajui ulichoandika. Shangazi hajui. Nilikuandikia mabaya, nikachana.

Na mimi kuna jambo sikukwambia. Siku ya pili, mama akiwa hawezi kumaliza sentensi, alinivuta shati. Nikadhani anataka maji. Akasema, "Mwambie huyo mtoto akae. Akale." Ulikuwa umesimama miguuni pa kitanda tangu asubuhi. Sikukwambia. Iliniuma kwamba katika maumivu yale yote alikuwa anakuona wewe. Maneno yalikuwa yako, nikakaa nayo miaka sita.

Usije mwaka huu. Nikikuona nitaliona lile bomba mkononi mwako, na sitaki kukutazama hivyo. Mwakani sijui.

Lakini andika. Nitachelewa kujibu, ila nitajibu.

Kaka yako