Mwendo Alioukubali Mama

Lunyo,
Kwa njia ya Posta Tororo,
Uganda.
12 Agosti 1956.

Mpendwa shemeji Okochi,

Pokea salamu zetu sote. Natumai joto la Mombasa halijakumaliza, na kwamba kazi ya bandarini inakuachia nafasi ya kula. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mguu mmoja, na huo ndio ulionikalisha kuandika.

Usishtuke. Mguu ni wa mama yako, Taaka, na umeshafungwa plasta hospitali ya Tororo. Aliteleza mwambani kule kisiwani Sigulu akianika dagaa, mfupa wa chini ya goti ukapasuka. Akaapa kwamba hapandi mtumbwi wenye ile mashine uliyotutumia. Afadhali mfupa uungane wenyewe, alisema, hata ukiungana upande. Dada yako Loy alimlilia mpaka akakubali.

Mtumbwi wetu unaujua. Mwenye mashine hukaa nyuma, hana pa kukimbilia. Na desturi unaijua: mimi na mama mkwe hatutazamani wala hatusemeshani. Wazee walioiweka hawakuwaza habari za mitumbwi. Basi tukamlaza mbele, uso ukielekea Majanji, ng'ambo ya bara, mwavuli umefunguliwa nyuma ya kichwa chake. Loy akakaa katikati, amepakata kuku wa kumshukuru muuguzi. Mimi nyuma, natazama mwavuli.

Nikawaza, anayeumwa anataka kufika upesi. Nikafungua moto wote. Pua ya mtumbwi ikainuka, nyuma kukazama hadi nikalowa suruali, na kila wimbi likawa linatugonga mbao za chini. Petroli inakwisha na mwendo hauongezeki. Mashine inachimba shimo majini, kisha inahangaika kutoka humo. Ndipo nikasikia sauti ya mama, ile ya kuitia watu ng'ambo ya maji:

"Wewe kuku, nani anakufukuza? Umeiba kwa nani?"

Kuku hakujibu. Loy akaniangalia. Nikapunguza.

Nilipunguza kwa huruma, na huruma ile nusura itugharimu. Tulikuwa tunatambaa sasa, na mawimbi ya ubavuni yakapata nafasi ya kutuchezea. Mtumbwi ukalala huku, ukalala kule, na mguu wa mama nao ukaufuata. Safari hii alilia kwanza kwa maumivu, halafu ndipo akamrudia kuku:

"Na sasa umesinzia? Tutafika Majanji vifaranga wako wameshaoa."

Loy alicheka huku machozi yanamtoka. Mimi sikuweza kucheka, kwa kuwa sikuwa nimeambiwa kitu.

Basi nikaongeza kidogo, tena kidogo, jicho langu kwenye maji tuliyoyaacha nyuma. Ukipita nusu ya moto kwa kiasi tu, maji hayo huacha kugombana, yanatoka yametandazika kama shuka. Pua inashuka, na mashine inabadili sauti, inanguruma kama mtu aliyeshiba. Ukiongeza, pua inapanda tena. Ukipunguza, mawimbi ndiyo yanayokuamulia njia. Nikaufunga mkono wangu hapo hapo.

Nikangoja kuku aambiwe jambo. Kimya. Shemeji, sijawahi kuogopa kimya kama kile. Loy akainama kuchungulia chini ya mwavuli, kisha akaweka viganja viwili shavuni kunionyesha: amelala usingizi.

Majanji tulimkuta Sulaiti na lori lake la pamba, godoro limetandikwa ndani. Nilipomsihi aende taratibu akasema, "Bwana Oguttu, lori hili lina mwendo mmoja, nao anaupanga Mungu." Lakini kila shimo alilizunguka, hadi Tororo.

Daktari anasema mama atatembea, ila kwa fimbo kwanza. Jana nilikwenda kumwona, yaani nilisimama nje ya dirisha, mgongo kwa ukuta, inavyopasa. Loy alikuwa anamweleza kwamba jirani yake Oketcho amejitolea kumrudisha kisiwani kwa makasia.

"Oketcho ashukuriwe," mama akasema. "Ila mwambie yule ambaye hayupo hapa kwamba nitarudi kwa mashine. Na mwendo uwe ule ule."

Mimi ambaye sikuwapo nikajipangusa macho kwa mkono wa shati, nikaenda kutafuta petroli.

Ile mashine kubwa zaidi uliyoahidi usiitume. Hii inatosha. Fedha zake zitumie kupanda treni uje. Mama anakuulizia, na wewe anaruhusiwa kukutazama.

Msalimie mkeo Adeke na watoto. Loy anawabusu nyote, na Sulaiti anasema hajasahau kofia yake uliyoondoka nayo. Mungu akutunze kazini, akulete kwa mama ungali na nguvu za kumshika mkono anapojifunza tena kutembea.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata nisipoandika,

Oguttu